Ukuta Mchafu kwa Bei ya Pikipiki

Wifi yangu hajawahi kununua kitu kwa bei aliyotajiwa. Ukimtajia bei, kwanza anacheka, halafu anakuuliza kama hiyo ni bei au ni namba ya simu. Aliwahi kubishana na muuza dawa dirishani, homa imempanda, anataka apunguziwe vidonge kwa sababu yeye ni mwembamba. Mahari yangu mimi mwenyewe aliishusha! Wazee wa pande zote walishakubaliana, wameshapeana mikono, yeye akaingia na sinia la vikombe akasema, "Jamani, huu upole wake mnaousifu mbona hatujauona?" Mazungumzo yakaanza upya. Leo nina watoto na mdogo wake, na bado nikilikumbuka hilo damu inanichemka.

Sokoni wanamwita Bei Poa. Duka lake la vitambaa ni chumba chembamba, watu wawili wakikutana ndani mmoja lazima arudi kinyumenyume. Majora yamepangwa kutoka sakafuni hadi darini, mkasi unaning'inia shingoni mwake kwa uzi, na kile kijiti cha mita kimekuwa cheusi kwa kushikwa. Alipofiwa na mumewe, humo ndani mlikuwa na majora machache yaliyotafunwa na panya. Alilijaza duka mwenyewe, jora kwa jora, bila kuolewa tena na bila kupata mtoto. Ukimuuliza mtoto wake ni nani atakuonyesha rafu. Na kama si duka, basi mtoto wake ni huyo mdogo wake, ambaye ndiye mume wangu.

Mume wangu alikuwa anapuliza rangi magari kwenye gereji. Kazi aliijua, sikatai. Gari lililokunjamana kama karatasi lilitoka mikononi mwake linang'aa. Ila rangi ile haibaki kwenye gari tu, inaingia na kifuani. Akaanza kukohoa, kikohozi cha kuamsha jirani. Tulipokwenda hospitali, daktari alitundika ile picha ya kifua kwenye mwanga, akaitazama, akavua miwani. "Bwana, hii kazi iache," alisema. "Ukiendelea nayo sikuahidi kuwaona watoto wako wakiwa watu wazima." Lakini kuacha kazi ni maneno matamu ya mtu mwenye mshahara. Sisi tungekula nini? Kesho yake akarudi gerejini, kitambaa amejifunga puani, kama vile kitambaa kinajua habari za daktari.

Jioni alikuwa anachora. Alianza zamani, kwa vipande vya turubai anavyopewa na dada yake, anavivuta kwenye mbao na kuvipigilia misumari sebuleni kwangu. Na usidhani alichora maua au twiga. Alichora gereji! Bunduki ya kupulizia rangi imetundikwa kwenye msumari. Ovaroli ya fundi mwenzake. Na ile kubwa kuliko zote, iliyonifanya nihamishe kabati, ilikuwa ukuta wa nyuma wa gereji, pale ambapo rangi ya miaka yote iliyokosa magari ilikwenda kutua. Nyekundu juu ya buluu, juu ya kijivu, juu ya kijani. Nilimwambia, "Baba watoto, kila mtu ana ukuta mchafu kwake. Nani atanunua wa pili?" Akacheka mpaka akakohoa.

Basi siku moja mama mmoja alileta gari lake lililokwaruzwa, akaiona picha imeegemezwa nyuma ya pipa ikikauka. Mama huyo ana ukumbi wa kuonyesha na kuuza picha. Alisahau gari. Akaja mpaka nyumbani kwangu, akasimama sebuleni bila kukaa, akatazama zote moja moja, kisha akamwambia mume wangu azilete ukumbini, atamfanyia maonyesho ya wiki kadhaa.

Tajiri wa gereji alimpa mume wangu ruhusa kwa kinyongo. Alisema maonyesho yakiisha, Jumatatu yake awe kazini, la sivyo nafasi ataipata mwingine. Na mume wangu naye akaniambia kitandani, polepole, "Zikiuzwa, sirudi kule. Zisipouzwa, narudi." Tangu siku hiyo kila picha nilikuwa naiangalia kama pumzi yake.

Siku ya kutundika, wifi alikuja amefunga duka, kanga begani, tayari kusaidia. Picha zilipangwa kwenye kuta nyeupe, taa juu yake, zikawa kama si zile nilizokuwa nazipangusa vumbi. Chini ya kila moja kikabandikwa kikadi. Wifi akainama kwenye kikadi cha ule ukuta wa gereji.

"Hii ndiyo namba ya picha?" akauliza.

"Hiyo ni bei," alisema mama mwenye ukumbi.

Wifi alikaa chini. Viti vilikuwepo, yeye akakaa sakafuni.

"Bei ya pikipiki!" alisema. "Pikipiki mpya! Na mafuta yake! Kwa ukuta mchafu?"

Na mimi nilikuwa nimeshika mdomo. Nilidhani mama wa watu ameongeza sifuri kwa bahati mbaya.

Yule mama hakukasirika. Alivuta kiti akakaa, akaeleza. Alisema wanapima urefu na upana wa picha, wanazidisha, na kila kipimo kina bei yake, sawa kwa picha zote za mchoraji huyo. Kubwa ni ghali, ndogo ni nafuu, hakuna kusema hii nimeipenda zaidi basi naipandisha. Kila mchoraji ana kipimo chake, na kinapanda kadiri anavyojulikana.

"Kumbe ni kwa mita!" wifi alipata matumaini, lugha hiyo anaijua. "Basi turubai nilimpa mimi, bei yake naijua. Weka rangi, weka mbao, weka misumari, mpe na hela ya chai. Haifiki hapo hata kwa kusukumwa!"

"Na miezi aliyokaa akiichora? Na zile zilizoharibika akazichana? Na miaka aliyojifunza bila kulipwa na mtu? Mama, jora lako likiisha unaagiza jingine lilelile. Huu ukuta ukiondoka umeondoka. Hata yeye mwenyewe ukimwambia aurudie hawezi."

"Hata kipande cha sabuni kikiisha kimeisha," alijibu wifi.

Yule mama akacheka, halafu akasema nusu ya bei ni ya ukumbi. Hapo mimi nilipiga kelele kabla ya wifi. Nusu! Mtu akohoe damu, wewe uchukue nusu! Akataja kodi ya jengo, taa, mlinzi, na wateja aliowakusanya tangu ujana wake, watu ambao sisi tungezunguka nao mjini mwaka mzima tusiwapate. Nikaendelea kunung'unika chinichini.

"Na jambo la mwisho," alisema akisimama. "Bei hizi hazipungui."

Wifi akaitikia kwa kichwa, tena kwa heshima. Nami niliitikia. Sasa nikuulize wewe, kuna mfanyabiashara gani asiyesema bei haipungui? Kwetu hiyo ni kama kusema hodi. Wifi mwenyewe huisema toka asubuhi mpaka jioni huku akipunguza.

Siku ya kufungua, mume wangu alijificha chumba cha nyuma kwa aibu. Mama mwenye ukumbi alikuwa nje anagombana na fundi umeme. Mimi nilikuwa napanga glasi. Wifi ndiye aliyekuwa karibu na mlango, na mlangoni akaingia bwana mmoja mwenye mwavuli. Ndiye mtu wa kwanza. Akasimama mbele ya ile picha ndogo ya bunduki ya kupulizia, akaitazama sana, akasoma kikadi, akashusha pumzi, akageuka kuondoka.

Na sokoni, mteja wa kwanza harudishwi. Hilo waulize wauza nguo, wauza ndoo, wauza nyanya, wote watakwambia. Mteja wa kwanza akiondoka mikono mitupu, siku nzima imekufa. Unamuuzia hata kwa hasara, hata kwa bei ya kutupa, ili afungue njia ya wengine. Wifi alimwona yule bwana akigeuka, akaona kifua cha mdogo wake kinatoka mlangoni. Akamdaka mkono.

"Baba, baba, usiondoke hivyo! Wewe ndiye wa kwanza, nifungulie. Una kiasi gani?"

Yule bwana alitaja kiasi chake, na kilikuwa hata robo ya bei hakifiki. Wifi akasema, "Lete!" Akaitoa picha ukutani kwa mikono yake, akaifunga kwenye kanga, akampa. Halafu akapiga vigelegele.

Nilitoka na glasi mkononi, nami nikapiga vigelegele. Mume wangu akachungulia, macho yanang'aa. Mama mwenye ukumbi akaingia anatabasamu, akaona msumari mtupu, akauliza imekwenda kwa kiasi gani. Wifi akamwonyesha hela, anajivunia. Yule mama alishika ukuta. Rangi ya uso ilimtoka kabisa, nikadhani atazimia.

"Mmefanya nini?" alisema, tena kwa sauti ndogo. "Mmefanya nini nyinyi?"

Ndipo tukaelewa. Alisema mchoraji asiyejulikana hana bei. Vile vikadi ni matumaini tu. Bei yake ni ile ambayo mtu wa kwanza amekubali kuitoa, na hiyo ndiyo inayomfuata. Anayekuja baada yake hununua kwa sababu anaamini picha haitashuka, na sasa tumeishusha sisi wenyewe kabla saa ya kufungua haijafika.

"Lakini ya kwanza haihesabiwi!" alisema wifi. "Ya kwanza ni ya kufungulia tu!"

"Kwenu haihesabiwi. Huku ndiyo inayohesabiwa."

Na kweli. Yule bwana wa mwavuli alikuwa na mdomo mpana. Alikwenda kuwaonyesha wenzake alivyookota dhahabu jalalani. Wageni waliokuja baada ya hapo wakawa wanatazama, wanasifu, halafu wanauliza, "Mbona mwenzetu mlimpa kwa bei ile?" Mama mwenye ukumbi akikataa, wanaaga kwa adabu. Wifi alimfuata yule bwana kwake kumbembeleza arudishe picha. Akarudi ameinama. Bwana alimwambia harudishi, tena kama zipo nyingine kwa kipimo hichohicho, atazichukua zote.

"Zote?" nilimuuliza. "Basi si tumuuzie?"

"Nimemuuliza yule mama," alisema wifi. "Anasema tukikubali, tutakula miezi miwili mitatu. Baada ya hapo mdogo wangu atakuwa mchoraji wa bei hiyo maisha yake yote. Hataweza kuishi nayo. Atarudi kupuliza." Kisha akasema, "Anasema kinachoweza kuifuta ni mtu mmoja tu kulipa bei kamili, hadharani, bila kupunguziwa."

"Mtu gani huyo mwendawazimu?"

Akainuka akaenda zake. Toka siku hiyo hakukanyaga ukumbini. Nilijua ni aibu, na nilimnunia, sitaficha. Mwanamke ameshusha mahari yangu, sasa ameshusha na mume wangu! Mume wangu hakumlaumu hata kidogo. Alikuwa anakaa kwenye benchi, anatazama picha zake, anakohoa. Siku za mwisho alianza kufua ovaroli yake ya kazi. Nilipoiona kwenye kamba niliingia chooni nikalia.

Jioni ya kufunga, zimebaki saa mbili, akaingia mama mmoja mnene, miwani ya jua usoni, mkoba mkubwa kwapani. Hakutembea akitazama kama wengine. Alikwenda moja kwa moja kwenye ule ukuta wa gereji, akasoma kikadi akitumia kidole, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Nachukua hii."

Mama mwenye ukumbi alimkaribia kwa tahadhari. "Bei yake mama ni hiyo iliyoandikwa."

"Kwani nimeomba kupunguziwa?"

Akafungua mkoba. Watu waliokuwa mlangoni wakarudi ndani. Aliziweka hela mezani, vitita vimefungwa kwa raba, mbele ya watu wote, na mama mwenye ukumbi akabandika kwenye kikadi kidoti chekundu, alama ya kwamba imeuzwa. Mimi nilikuwa mdomo wazi kama mlango wa kanisa. Mume wangu alisimama, akakaa, akasimama tena. Alitaka kumshukuru yule mama lakini alishaondoka, amesema picha ataijia.

Basi hapo upepo ukageuka. Mzee mmoja aliyekuwa amekuja mara tatu bila kununua alitazama kile kidoti, akatazama ile picha ya ovaroli, akasema, "Na mimi nachukua hii, kabla hajarudi." Bei kamili! Dada mmoja akachukua nyingine. Mama mwenye ukumbi akamshika mume wangu mabega akamwambia atamfanyia maonyesho mengine, na kipimo chake kitapanda. Mume wangu alilia mbele za watu, mwanaume mzima, na sikuona aibu. Jumatatu hakwenda gerejini. Ile ovaroli tuliifanya tambara la kupangusia brashi.

Wiki kadhaa baadaye watoto walitaka sare mpya, nikasema yaliyopita si ndwele, nitakwenda kwa wifi anikatie kitambaa. Nikafika dukani. Majora hayapo. Kutoka sakafuni hadi darini ni ndoo, mabeseni na mabirika. Na katikati ya ndoo, amekaa kwenye kigoda anajipepea, ni yule mama mnene. Bila miwani nilimtambua vilevile.

Mimi nilikuwa namtazama yeye, naye anatazama ndoo zake.

"Nenda kwake kamuulize mwenyewe," alisema mwishowe. "Mimi niliagizwa tu."

Nilikimbia. Nina mwili na sandali zangu ni za kwendea sokoni tu, lakini nilikimbia. Wifi anakaa chumba kimoja, na chumba hicho sasa kilikuwa na mlango unaofunguka nusu, kwa sababu nyuma yake kumesimamishwa ukuta wa gereji. Ule mkubwa. Umeula ukuta wa chumba wote, kitanda kimesogezwa mpaka dirishani.

"Ingia kwa ubavu," alisema wifi.

"Umeuza duka," nilisema.

"Punguza sauti. Wapangaji wana masikio."

"Umeuza duka! Majora yote! Na chumba umemwachia muuza ndoo! Wifi, una akili kweli? Nusu ya hela hizo imekwenda kwa yule mama wa ukumbi! Nusu ya duka lako umempa mtu baki! Kama ulitaka kumsaidia mdogo wako, si ungempa mkononi? Angepata zote!"

"Ningempa mkononi ingekuwa msaada," alisema. "Angeila, ikaisha, akarudi kule. Ilibidi iwe bei."

Nilikaa kitandani. Nilimuuliza kama angalau aliomba apunguziwe kidogo, hata kidogo tu, kupitia kwa yule shoga yake wa ndoo.

"Ndiyo kitu kilichoniuma kuliko vyote," alisema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeng'olewa jino. "Kulipa vile, kwa mdomo uliofungwa. Nilimwapisha asiombe. Usiku ule sikulala."

"Basi uuze," nilimwambia. "Siku hizi anajulikana. Uuze, urudishe duka."

"Nimuuzie nani? Hiyo bei hakuna mwingine wa kuitoa kwa sasa. Nikiiuza chini yake, tumerudi palepale, na mimi ndiye nitakuwa nimemwangusha mara mbili. Uache ukae."

Nikautazama ule ukuta. Kwa karibu namna ile ulikuwa na rangi ambazo sikuwahi kuziona sebuleni kwangu.

"Lakini angalau unaupenda?"

"Mimi?" Alishangaa kweli. "Sioni kitu. Ni ukuta mchafu. Nautazama kila siku nikijiuliza nitaona lini." Akasimama, akabeba begani vitambaa vilivyokunjwa, vya mfanyabiashara mwingine, anavitembeza nyumba kwa nyumba na kulipwa kidogo kwa kila kipande. "Nimechelewa. Na wewe ukifunga mdomo wako kwa mdogo wangu, tutabaki wifi. Usipofunga, hatujuani."

Nilitaka kumwambia kitu kuhusu mahari, kwamba nimesamehe, ila badala yake nikapokea nusu ya vitambaa nikambebea. Tuliachana njia panda, yeye akapanda na mzigo wake, sauti yake naisikia, "Njoo dada, kushika ni bure!"

Nyumbani nilimkuta mume wangu amelala kiti cha sebuleni, brashi mkononi, kifua kinapanda na kushuka bila sauti. Siku hizo alikuwa ameanza kulala bila kukohoa. Alipoamka aliniuliza wifi anaendeleaje na duka. Nikamwambia hajambo, anakusalimu.